Kamati ya Harusi Isiyo na Wazee wa Ukoo

ZUHURA: Karibuni tena. Leo Baraka kaja na kesi ya Worldcon, mkutano wa dunia wa mashabiki wa hadithi za sayansi.

BARAKA: Tangu 1939, dada, New York. Mpaka leo wanaendesha watu wa kujitolea.

ZUHURA: Bosi wa mwisho nani? Bodi?

BARAKA: Hakuna. Ndiyo raha yake, ndiyo karaha yake. Jumuiya yao, WSFS, ina katiba na wanachama, basi. Mji ukishinda kura ya uenyeji, kamati yake inachangisha, inakodi ukumbi, inasimamia hata kura za Hugo, tuzo za hadithi bora za sayansi. Mkutano ukiisha, kwaheri.

ZUHURA: Kumbe kamati ya harusi! Mnagombana na mpishi mpaka siku ya mwisho, halafu mnavunja kamati kwa kula chenji iliyobaki.

BARAKA: Hiyo hiyo. Ila harusi ina wazee wa ukoo. Hapa hakuna wa kumvuta mwenyekiti pembeni.

ZUHURA: Wakiharibu?

BARAKA: Yalitokea Chengdu, China, 2023. Kanuni inawapa siku 90 baada ya mkutano kutoa takwimu za kura za Hugo, wakazimaliza karibu zote. Januari 2024 watu wanafungua karatasi, wanakuta *Babel*, riwaya ya R. F. Kuang, ina mapendekezo ya kutosha kuingia fainali, halafu imeandikwa haistahili. Kwa nini? Hakuna hata mstari mmoja.

ZUHURA: Mwenyewe aliambiwa?

BARAKA: Alisema hakupewa sababu. Mwezi uliofuata barua pepe zikavuja: baadhi ya wasimamizi wa tuzo walikuwa wakichimba mwandishi gani kasema nini kuhusu China.

ZUHURA: Si wangepeleka malalamiko juu!

BARAKA: Juu wapi, dada? Kuna chombo cha kudumu, na hicho kina bodi, lakini kazi yake kulinda majina ya Worldcon na Hugo. Kilitoa karipio, mwenyekiti wake akajiuzulu. Kura hakina mamlaka nazo.

ZUHURA: Basi wabadili katiba.

BARAKA: Kikao cha wanachama kinapitisha mwaka huu, kikao cha mwaka ujao, mji mwingine, sura nyingine, ndicho kinaridhia. Kikikataa, imekufa.

ZUHURA: Mimi ningeweka bodi kesho asubuhi.

BARAKA: Ikitekwa na kikundi je? Kamati mbovu inaondoka na mwaka wake. Na Glasgow, 2024, hawakungoja bodi. Waliona wapiga kura wamefuatana, majina ya ukoo yaleyale, kilichobadilika ni herufi ya kwanza tu, A, B, C, wanashuka. Walifuta kura 377, wakatangaza kabla ya tuzo kutolewa.

ZUHURA: Hao walibahatika kupata watu waaminifu. Bahati siyo utaratibu, kaka.

BARAKA: Hapo umenikamata kidogo.

ZUHURA: Kidogo! Haya, Kampala si waliwahi kujitokeza kuuomba? Wakiupata nakata tiketi ya basi. Nakaa mstari wa mbele kwenye kikao cha wanachama, mkono juu toka asubuhi.