Orodha ya vyuo hupangwa kuanzia chini

ZUHURA: Karibuni tena. Ni mimi Zuhura, na pembeni yangu yupo Musa, ambaye leo kaja na daftari kama mwanafunzi wa darasa la saba.

MUSA: Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba. Lina nini hilo daftari?

MUSA: Ukurasa mmoja tu. Kuna mama katutumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Anaishi hapa Marekani, mwanawe yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na wameandika vyuo kumi na moja vya kuomba. Kipato chao ni cha kawaida, akiba kidogo. Anauliza kama orodha imekaa vizuri.

ZUHURA: Haya, tusomee.

MUSA: Vinane ni vile ambavyo hata bibi yangu asiyejua kusoma ameshavisikia: Harvard, Yale, Stanford na wenzao. Viwili ni vyuo vikuu vya umma, lakini vya majimbo mengine. Cha kumi na moja ni cha jimboni kwao, na mama mwenyewe anasema, “hicho tumekiweka cha kujazia.”

ZUHURA: Cha kujazia! Hicho ndicho kilitakiwa kuandikwa kwanza, tena kwa wino mweusi. Orodha ya mtu mwenye mfuko mdogo huanzia chini. Kwanza unatafuta chuo kimoja au viwili ambavyo mtoto ataingia bila shaka, mtaweza kulipa bila kutegemea muujiza, na mtoto mwenyewe yuko radhi kwenda. Hapo ndipo unapanda juu.

MUSA: Hilo la mtoto kuwa radhi watu hulirukaruka.

ZUHURA: Hulirukaruka sana. Mzazi anaweka chuo ambacho mtoto hataki hata kukiona, halafu Aprili ikifika ndicho pekee kinacholipika, nyumba inageuka msiba. Kama mtoto hakitaki, hicho si chuo cha akiba, ni jina kwenye karatasi.

MUSA: Na tofautisha kuingia na kulipa. Texas, kwa mfano, ina sheria tangu 1997 inayompa nafasi katika vyuo vya umma vya jimbo mwanafunzi aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake, ingawa chuo kikuu cha Texas cha mjini Austin kina kiwango chake kikali zaidi. Nafasi unayo, sawa. Lakini sheria hiyo haisemi nani atalipa.

ZUHURA: Kabisa. Sasa ngoja niwaeleze nilivyojikwaa mimi, maana binti yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha haya yote kwa maumivu. Barua ya msaada wa fedha ilikuja mwezi wa tatu kutoka chuo kimoja binafsi. Tukaifungua jikoni, sufuria bado iko motoni. Juu imeandikwa hongera. Chini kuna jedwali: gharama ya mwaka dola 37,700. Ufadhili wa chuo, 14,000. Mstari wa pili, 5,500. Mstari wa tatu, 18,200. Halafu chini kabisa, kiasi kilichobaki: sifuri.

MUSA: Sifuri!

ZUHURA: Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga mlango. Binti yangu ndiye aliyekaa kimya, anasoma maandishi madogo. Akaniambia, “Mama, huu mstari wa pili ni mkopo wangu. Na huu wa tatu ni mkopo wako.” Ule wa tatu ni ule unaoitwa Parent PLUS, mkopo wa serikali anaochukua mzazi kwa jina lake. Wameupanga humo humo kwenye jedwali la “msaada” pamoja na zawadi.

MUSA: Kwa hiyo zawadi ya kweli ilikuwa 14,000.

ZUHURA: Basi. Yaliyobaki, 23,700, ni deni, na huo ni mwaka mmoja. Zidisha kwa minne, unakaribia dola laki moja kabla ya riba. Siku hizi angalau sheria ya 2025 imeuwekea mkopo huo wa wazazi ukomo: kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, si zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Wakati wangu ungeweza kukopa mpaka gharama yote ya chuo.

MUSA: Mimi hapo ndipo ninapowaambia watu: chukua kalamu nyekundu, kata kila mstari wenye neno mkopo, kata na ule wa kazi ya chuoni kwa sababu hiyo hela hujaifanyia kazi bado. Kinachobaki ndicho walichokupa.

ZUHURA: Lakini Musa, barua huja mwezi wa tatu, wa nne. Mama huyu anapanga orodha sasa. Hawezi kungoja barua.

MUSA: Ndiyo maana kuna kikokotoo.

ZUHURA: Si kile cha mafao ya wastaafu kule Tanzania, jamani, msizime redio.

MUSA: (anacheka) Hiki kina amani. Tangu 2011 sheria ya Marekani inakilazimu kila chuo kinachopokea wanafunzi wenye msaada wa serikali kiweke kwenye tovuti yake kikokotoo cha bei halisi, yaani unachobaki nacho kulipa baada ya kuondoa ruzuku na ufadhili. Unakaa na fomu ya kodi ya mwaka uliopita, hati za mishahara na salio la benki, unajaza. Dakika kumi na tano kwa chuo kimoja.

ZUHURA: Na unachapisha jibu, unaandika tarehe.

MUSA: Unachapisha. Ila angalia: vingine vinauliza maswali sita tu, hivyo jibu lake ni la kubahatisha. Kikiuliza mambo mengi mpaka ukachoka, kiamini zaidi. Na kama wazazi wameachana, au baba ana biashara yake mwenyewe, hicho kikokotoo kitakudanganya. Piga simu ofisi ya msaada wa fedha uulize.

ZUHURA: Hapo kwa walioachana pana shimo. Fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha, FAFSA, inamtaka mzazi mmoja, yule aliyemgharamia mtoto zaidi. Vyuo vingi binafsi vyenye hela zao vinataka fomu nyingine juu yake, CSS Profile, na vingi vya hivyo vinamuuliza na mzazi wa pili. Nyumba unayoishi FAFSA haiihesabu. Huko kwingine wengi wanaihesabu. Kwa hiyo familia ile ile, chuo hiki kinaiona maskini, kile kinaiona tajiri.

MUSA: Na kwa wenzetu wahamiaji: mwenye kadi ya kijani anajaza FAFSA kama raia. Aliyekuja na viza ya mwanafunzi hajazi, huyo orodha yake ni nyingine kabisa. Na ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo hairudishwi, kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Inasaidia, lakini peke yake haimalizi chuo cha kulala bwenini.

ZUHURA: Turudi kwa mama yetu. Vile vyuo vinane.

MUSA: Hapa nitamtetea kidogo. Watu wanadhani vyuo vyenye majina ni vya matajiri. Bei iliyoandikwa ni ya kutisha, kweli, lakini vina hazina kubwa. Harvard kuanzia 2025–26 familia yenye kipato cha dola 200,000 au chini, yenye mali za kawaida, hailipi ada ya masomo. Chini ya 100,000 hata bweni na chakula vimo. Kwa familia kama hii, Harvard ingeweza kuwa rahisi kuliko chuo cha umma cha jimbo la jirani.

ZUHURA: Ikimkubali.

MUSA: Ikimkubali, ndiyo. Inachukua takriban wanne katika kila mia.

ZUHURA: Basi vyuo vinane vya namna hiyo ni tiketi nane za bahati nasibu. Na usidhani tiketi nyingi zitakuokoa, maana vyote vinatafuta mtoto yule yule. Mimi ningebakisha viwili, vitatu kwa huruma. Kila kimoja kina insha zake za ziada. Mtoto akiandika insha ishirini, za mwisho zinanuka uchovu.

MUSA: Fomu ya pamoja, Common App, inaruhusu vyuo 20, na wapo wanaojaza vyote ishirini.

ZUHURA: Kwa sababu wamepewa msamaha wa ada ya maombi, wanaona ni bure. Msamaha uombe, ni haki ya mwenye kipato kidogo. Lakini saa za mtoto hazina msamaha. Nane, tisa, vinatosha.

MUSA: Vile viwili vya majimbo mengine je?

ZUHURA: Hivyo ndivyo vinavyoniuma kuliko vyote. Chuo cha umma kinalishwa na kodi za wakazi wa jimbo lake. Wewe wa nje unatozwa zaidi, na vingi havina mpango wa kukuzibia pengo kati ya bei na uwezo wako. Umevaa nguo ya umma unalipa bei ya binafsi. Kama kikokotoo hakijakuonyesha vinginevyo, futa.

MUSA: Isipokuwa vile vinavyotangaza wazi kwamba alama hizi zinakupa ufadhili huu. Au majimbo ya magharibi yenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, WUE, unaokutoza si zaidi ya mara moja na nusu ya ada ya mkazi.

ZUHURA: Hivyo viandikwe. Mahali pa viwili hivyo ningeweka vyuo vya kati ambako alama za huyu kijana ziko juu ya wengi wanaoingia. Huko ndiko anapogombewa. Ila asome masharti: ufadhili wa alama mara nyingi unadai wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4 kila mwaka, na mwaka wa kwanza wa uhandisi umeshawavua wengi.

MUSA: Dada, nikuulize la ubishi. Maombi ya mapema yale ya kujifunga, Early Decision, ambayo ukikubaliwa umeshaahidi kwenda. Wanasema yanaongeza nafasi ya kukubaliwa. Kijana mwenye mfuko mdogo ayaache?

ZUHURA: Ayaache.

MUSA: Mbona unaweza kujitoa kama msaada hautoshi?

ZUHURA: Unaweza. Lakini utajitoa ukiwa na barua moja mkononi, huna ya kulinganisha nayo, na krismasi iko mlangoni. Mnunuzi aliyeshaapa kununua haulizwi bei.

MUSA: Mimi ningesema hivi: kama kikokotoo kimetoa jibu mnaloweza kulipa, chuo kinaahidi kuziba pengo lote, na mtoto hana kingine anachokipenda zaidi, aombe.

ZUHURA: Masharti matatu. Umeona mwenyewe ulivyolizungushia ua.

MUSA: (anacheka) Nimelizungushia. Mimi mwenyewe nilipita chuo cha jamii, yaani community college, miaka miwili, nikahamia chuo kikuu cha jimbo, na cheti changu hakijaandikwa nilianzia wapi. Lakini kabla sijajiandikisha nilikwenda na orodha ya masomo kwa mshauri wa kile chuo kikuu, akaweka alama somo kwa somo: hili litahesabiwa, hili halitahesabiwa. Rafiki yangu hakuuliza, akapoteza muhula mzima wa hisabati.

ZUHURA: Mama atafute hayo makubaliano ya uhamisho kwa maandishi.

MUSA: Sasa, cha kujazia.

ZUHURA: Aende akakione. Mwezi huu huu, siku ya masomo, si siku ya maonyesho wanapogawa fulana. Wakale kwenye bwalo, kijana aingie darasa moja akae nyuma. Binti yangu alikataa kwenda kwenye kile cha kwetu mpaka Aprili, wiki tatu kabla ya tarehe 1 Mei ya kutoa jibu. Tulipanda basi, dakika arobaini, hatusemeshani. Akaingia maabara ya kemia kuchungulia tu, mwalimu akampa miwani ya kinga akamwambia shika hii. Nilimngoja nje kwenye benchi saa nzima na nusu.

MUSA: Alipotoka alisemaje?

ZUHURA: Aliniuliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.