Betri ya Laptopu Haichaji? Pima Haya Kabla Hujanunua Nyingine

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Leo tuna laptopu iliyogoma kuchaji. Hii hapa. Ikichomekwa kwenye umeme inawaka vizuri kabisa, lakini betri imeganda kwenye asilimia 34, na ukisogeza kishale juu ya alama ya betri unaambiwa chaja imechomekwa ila haichaji. Naipenda sana kazi hii, kwa sababu watu wengi wakiona ujumbe huo hukimbilia kununua betri, na mara nyingi betri haina kosa. Leo hatununui kitu mpaka tujue ni kipi kinachokataa.

Yale ya mwanzo tuyapitie haraka. Jaribu soketi nyingine. Ondoa ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani. Ile kebo inayoingia kwenye adapta, lile boksi la chaja, isukume mpaka mwisho, maana hulegea sana pale. Basi, twende.

Hapa kidogo tusimame. Weka laptopu kwenye meza iliyo sawa, uifunge, uitazame kwa ubavu. Inayumba? Kifuniko hakifungi vizuri? Ile sehemu ya kugusa kwa kidole imeinuka au imekuwa ngumu kubonyeza? Basi huenda betri imevimba, na hatua zinazofuata si zako. Zima, chomoa chaja, mpelekee fundi. Usiikandamize irudi chini, na usiitoboe eti itoe hewa: gesi iliyomo ndani inashika moto. Narudia, usiitoboe.

Hii yangu imelala vizuri, tuendelee.

Sasa swali ambalo watu wanalisahau: je, laptopu yenyewe imeambiwa isichaji? Lenovo wana programu ya Vantage, ASUS wana MyASUS, na ndani yake kuna sehemu ya kulinda betri ambayo husimamisha chaji kwenye asilimia 80 au hata 60. MacBook nazo huweza kusubiri kwenye 80. Kama yako inagomea namba hiyohiyo kila siku, hiyo si hitilafu. Seli ya lithiamu iliyojaa kabisa hufika volti 4.2, na kukaa hapo muda mrefu kwenye joto kunaichosha. Laptopu yangu ya kazi, ambayo haitoki mezani, nimeifungia kwenye 80 na sina mpango wa kubadilisha. Ila hii ya leo iko 34, kwa hiyo siyo hilo.

Joto nalo. Betri hizi kwa kawaida hazichajiwi chini ya nyuzi 0 wala juu ya nyuzi 45 hivi, mzunguko wa ulinzi unakata wenyewe. Kama laptopu ilikuwa kitandani juu ya blanketi na feni inalia, iache ipoe kwanza ndipo uilaumu.

Haya, adapta. Igeuze, soma maandishi madogo, tafuta neno OUTPUT. Yangu inasema volti 19.5 na ampea 3.34. Zidisha, unapata wati 65. Kanuni ni hii: volti zilingane na zile zinazotakiwa na laptopu, ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue. Ukichomeka adapta ya wati 45 kwenye mashine inayodai 90, inaweza kuwaka na ukafanya kazi, huku betri haipandi hata kidogo, au inashuka taratibu ukiwa umechomeka. Hapo ndipo mtu anaapa betri imekufa.

Wenye USB-C, nanyi msikilize. Chaja ya simu inayotoa volti 5 haitoshi, laptopu nyingi zinataka 20. Ukivuka wati 60, hata kebo inabidi iwe ile ya ampea 5, yenye kijichipu chake ndani. Tena si kila tundu la USB-C linapokea chaji. Tafuta lenye alama ya plagi au ya umeme pembeni yake.

Tuchukue mita ya kupimia umeme. Iweke kwenye volti za DC. Mita nyingi zina kipimo cha 20, na hicho mwisho wake ni 19.99, kwa hiyo adapta ya volti 20 itakuonyesha 1 tupu ukadhani imeharibika. Panda kwenye kipimo cha 200.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo pagumu. Plagi hii, ile inayoingia kwenye laptopu, ina sehemu tatu: ganda la nje ni hasi, ukuta wa ndani ni chanya, na katikati kuna pini nyembamba kama sindano. Ncha nyeusi ya mita inagusa nje. Ncha nyekundu inagusa ukuta wa ndani. Pini ya katikati usiiguse. Usiiguse! Ile haibebi umeme wa kuchaji, inabeba utambulisho wa adapta. Ncha yako ikiteleza ikaunganisha ukuta wa ndani na pini, volti 19 zinaingia kwenye kijichipu kidogo ambacho hakikuumbwa kwa ajili hiyo. Ukiteleza ukaunganisha nje na ndani, adapta nyingi zitajizima tu, unachomoa ukutani, unasubiri, inarudi. Pini ya katikati huenda isirudi. Mimi huvisha ncha nyekundu kijimrija cha plastiki, naacha milimita mbili tu za chuma mbele. Fanyeni hivyo.

Naingiza... ngojeni, mwanga unapiga kwenye kioo cha mita, hamwoni kitu. Nageuza taa. Mkono usitikisike. Hapo sasa: 19.6. Natoa taratibu, bila kugusa pini.

Kwenye USB-C usijaribu hivi, matundu yake ni madogo mno, na isitoshe chaja haitoi umeme mpaka izungumze na kifaa. Tumia kile kipimo kidogo kinachokaa katikati ya kebo na laptopu.

Volti 19.6 ni nzuri, na wengi hapa hutangaza kwamba chaja ni nzima. Bado! Zima laptopu, iwashe huku ukibonyeza F2, kwenye nyingine ni F10 au Esc, uingie kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya mashine inayowaka kabla ya Windows. Tafuta ukurasa wa betri au wa umeme. Mnaona? Betri: hali nzuri. Adapta: haijulikani.

Huyu ndiye. Kampuni kadhaa, Dell na HP zikiwemo, hutumia ile pini ya katikati ili adapta ipige hodi na kujitambulisha. Isipotambulika, laptopu inaweza kukubali umeme wa kuendeshea mashine lakini ikakataa kuchaji betri, na nyingine hupunguza hata kasi ya prosesa. Mara nyingi ni uzi mwembamba uliokatika ndani ya kebo, hapa karibu na plagi panapokunjwa kila siku. Nachukua adapta nyingine ya aina ileile, nachomeka. Taa ya chaji imewaka. Betri ilikuwa nzima muda wote! Nafurahi sana ikitokea hivi, mtu anabadilisha adapta tu na kazi imekwisha.

Kama kwako adapta inatambulika na bado haichaji, endelea nami.

Kwanza, ondoa umeme uliobaki kwenye bodi, ile sahani kuu ya saketi ndani ya laptopu. Zima, chomoa chaja. Betri ya kutoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, achia, rudisha vyote. Betri ikiwa ya ndani, tazama chini ya laptopu, baadhi zina kijitundu cha kuirudisha upya, unaingiza klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Hakikisha si tundu la maikrofoni. ThinkPad nyingi zina sehemu ndani ya BIOS ya kuzima betri ya ndani kwa muda, hiyo naipenda zaidi kwa sababu huchokonoi kitu.

Pili, kwa Windows: fungua Device Manager, kwenye Batteries chagua Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery, iondoe, washa upya. Itajirudisha yenyewe. Inasaidia pale Windows iliposhika taarifa isiyo sahihi, haifufui betri.

Tatu, ripoti. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Inakuambia faili imewekwa wapi, ifungue. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Tuseme iliundwa na 50,000 na sasa inajaa 21,000, hiyo ni asilimia 42. Mimi chini ya nusu nabadilisha. Lakini elewa: betri iliyochoka bado huchaji, inajaa upesi na kuisha upesi. Kuchoka peke yake si sababu ya kugoma. Ikiwa ripoti haionyeshi betri kabisa, basi ama imekufa au kiunganishi kimeachia. Na laptopu iliyokaa kabatini miezi mingi ikiwa tupu, seli hushuka sana mpaka mzunguko wa ulinzi unakataa kuzipokea. Kuna watu wanazichaji kwa nguvu kutoka nje. Msifanye, ule ulinzi upo kwa ajili ya kuzuia moto.

Kufungua: chaja nje, mashine imezimwa. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu si zote zina urefu sawa, na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa juu au kugusa bodi.

Kiunganishi cha betri ni hiki. Samahani, mkono wangu umeziba, nasogeza kamera. Hiki hapa. Angalia kwanza kinatoka upande gani. Vingine vinainuka juu, vingine vinateleza kwa ubavu sambamba na bodi. Tumia plastiki, si bisibisi. Usivute nyaya. Sukuma mabega ya kiunganishi kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka kiachie. Betri bado ina umeme hata mashine ikiwa imezimwa, ndiyo maana nasema plastiki. Kikague: kama kuna kutu au pini iliyopinda, umepata jibu. Kama ni kisafi, kirudishe mpaka kikae sawasawa, ujaribu tena.

Ikibidi betri mpya, soma namba iliyo kwenye betri yenyewe, usitegemee jina la laptopu pekee, maana modeli moja inaweza kuwa na betri za aina mbili zenye viunganishi tofauti. Ukishaifunga, chomeka chaja kwanza ndipo ubonyeze kitufe cha kuwashia. Betri nyingine husafirishwa zikiwa zimelazwa usingizi, na haziamki mpaka zipate umeme wa chaja.