Fizi Zikishuka: Nyama ya Kufunika Itoke Wapi?

Asanteni. Nianze na swali ninaloulizwa mara kwa mara: "Daktari, mbona jino langu linarefuka?" Halirefuki, mama. Ufizi ndio umejivuta, mzizi ukabaki uchi, sasa maji baridi yanakuchoma. Tunasema fizi zimeshuka, ingawa za juu kwa kweli zinapanda.

Anayesugua meno kama anasugua sufuria abadilishe mkono kwanza, na ugaga uondolewe. La sivyo tutashona leo, na ufizi utashuka tena.

Sasa upasuaji. Njia ya zamani ni kukata kipande cha kaakaa pamoja na ngozi yake ya juu, kukishona chini ya jino. Kinashika vizuri, ila hubaki na weupe wake, kama kiraka kwenye shati. Kwa meno ya mbele ya chini, ambako hakuna anayechungulia, bado naipenda. Kwa meno ya juu, anayecheka sana atanilaumu.

Mwaka 1985 madaktari wawili wa meno, wote wakiitwa Langer, walieleza namna ya kuchukua nyama ya ndani tu ya kaakaa na kuiingiza chini ya ufizi wenyewe, kisha ufizi unavutwa kuifunika. Hapo pandikizi linapata damu pande mbili, juu na chini, na rangi inalingana. Mpaka leo njia mpya zinapimwa kwa hiyo. Ubaya wake ni kidonda cha kaakaani: siku kadhaa za uji na chakula laini, na wengine hulalamikia kaakaa kuliko jino.

Wapo wanaochimba handaki chini ya ufizi bila kukata vile vilima vidogo vya katikati ya meno. Inafaa meno kadhaa yaliyofuatana, lakini inataka mkono mtulivu. Ufizi mwembamba ukichanika, kazi imeharibika. John Chao wa Marekani naye anapitia kitundu kidogo, anausogeza ufizi, anausukumia vipande vya kolajeni, ile protini inayoshikilia nyama za mwili, ili viushikilie. Kaakaa haliguswi. Inavutia, lakini ufizi ukiwa mwembamba sana mimi bado nachukua nyama ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu huongeza unene.

Lakini mfupa wa katikati ya meno ukishaliwa, hakuna njia kati ya hizi itakayorudisha ufizi wote mahali pake. Anayekuahidi hivyo, mwombe akuonyeshe picha ya eksirei yako kwanza.

Na hili watu huona haya kuuliza: kolajeni nyingi tunazonunua tayari kwa upasuaji huu, na jeli ya protini za meno machanga ambayo wengine hupaka kwenye mzizi, hutokana na nguruwe. Zipo za ng'ombe, na zipo ngozi za binadamu zilizosafishwa. Muulize daktari wako kabla ya sindano ya ganzi. Ukishaachama huwezi kuuliza tena.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, dada.