Shukeni Mistari Miwili Chini
Mhadhara kwa matabibu na wataalamu wa maabara, Arua

Ndugu zangu, corona mnaijua, sitaanzia Machi 2020. Nimekuja na karatasi moja tu, ya majibu ya kuhesabu chembe za damu.

Juni 2021, wimbi la pili limepamba moto, mzee mmoja akaletwa akihema. Chembe nyeupe za damu: 6,200 kwa mikrolita. Aliyepokea majibu akaandika "kawaida", mzee akapewa dawa ya malaria. Jioni nikaomba karatasi ileile, nikashuka mistari miwili chini. Limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazopambana na virusi, 500! Mtu mzima tunamtarajia awe na zaidi ya 1,000. Nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi bakteria na uvimbe, 5,300, mara kumi na zaidi ya limfosaiti. Hizi zimepanda, zile zimeshuka, jumla imetulia kana kwamba hakuna kitu. Mashine ilisema tangu asubuhi, wala hakuna aliyeisikiliza.

Najua mtaniambia: daktari, nyutrofili 5,300 si zimo ndani ya kiwango kilichochapwa pembeni? Kiwango cha nani? Viwango vingi vya pembeni vilitokana na damu za Ulaya na Marekani. Wengi wetu tumezaliwa na ile jeni inayoifungia mlango malaria ya vivaksi, na mwenye nayo huwa na nyutrofili chache katika damu ingawa ni mzima kabisa. Aliyezoea 2,000 akifika 5,300, mwili wake unapiga yowe, na karatasi inasema "kawaida". Hili nimelisema miaka, nitalisema tena.

Mwingine atasema VVU na malaria pia hushusha limfosaiti. Kweli kabisa! Kipimo hiki hakithibitishi corona, kinakuonyesha nani anaelekea kubaya. Na malaria ikionekana msifunge faili. Mtu mmoja hubeba yote mawili. Tena, chukueni damu kabla ya deksamethasone, ile dawa ya kutuliza uvimbe tunayowapa wagonjwa mahututi wa corona, kwa sababu dawa hiyo yenyewe hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti, kisha mtabaki mkibishana nani kafanya nini.

Kuna na vipimo vingine vya damu: feritini na CRP, vinavyopanda mwili ukiwa na uvimbe, na D-daima... naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi: zikipanda sana, mgonjwa yuko hatarini, na D-daima ni ya damu kugandaganda. Vituo vingi vya vijijini havina vipimo hivyo, nami sitawalaumu kwa msichokuwa nacho. Ila palipo na mashine ya kuhesabu chembe, sikubali udhuru.

Aliye na majibu ya mgonjwa wa wiki hii aje nayo hapa mbele. Funika jina, tuyasome pamoja.