Heliamu ya Rukwa na bonde lenye ukungu

ATUPELE: Habari za jioni, wasikilizaji. Tuko hapa Soweto, Mbeya, mvua inapiga bati, kwa hiyo mkisikia mlio huo mjue ni msimu. Mimi ni Atupele, nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Niko na kaka Lusajo, fundi wetu wa kompyuta.

LUSAJO: Ndaga, mwalimu. Leo nina swali la msikilizaji wa Chunya, na limeninyima usingizi. Anasema hivi: heliamu inayotafutwa kule Rukwa, atomu yake ina elektroni mbili tu. Hidrojeni yenye elektroni moja tunapata nishati yake kamili, hata kwenye daftari. Hii ya pili imeharibu nini mpaka tuambiwe hesabu haifungi?

ATUPELE: Swali zuri mno, na limetokea mahali pake. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Gesi hiyo huzaliwa ndani ya miamba ya kale, urani na thori zikioza taratibu, halafu joto la volkano linaifungulia njia ya kupanda juu. Joto hilo hilo ndilo lililojenga Mlima Rungwe tunaoupita tukienda Tukuyu.

LUSAJO: Kwa hiyo tunaongelea kitu kilicho chini ya miguu yetu.

ATUPELE: Kabisa. Sasa, tukisema nishati ya atomu leo, tuichukulie kama kina cha shimo ambalo elektroni zimetumbukia. Shimo la hidrojeni lina kina cha elektroni-volti 13.6, kipimo cha nishati tutakachokitumia kwa namba zote leo. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926, ule unaoeleza elektroni zinavyokaa ndani ya atomu, unakupa namba hiyo wazi. Kwa heliamu, maabara inatuambia hivi: kung'oa elektroni ya kwanza kunataka 24.6, ya pili 54.4. Jumlisha.

LUSAJO: Sabini na tisa.

ATUPELE: 79.0. Huo ndio ukweli tunaoutafuta. Shida ni kwamba elektroni mbili zinasukumana. Hii ikisogea, ile nayo inabadili mwendo, na hapo hapo mwendo wa ile unairudia hii. Huwezi kuzitenganisha ukatatua moja moja. Elektroni zikiongezeka, hali inakuwa mbaya kwa kasi ya kutisha. Chukua kompyuta, gawa kila mwelekeo vipande 10 tu; kila elektroni ina mielekeo mitatu, na vipande vyote vinazidishana. Heliamu inataka nafasi milioni moja za kuhifadhi namba. Kaboni, yenye elektroni sita, inataka 1 yenye sifuri 18. Chuma, elektroni 26: 1 yenye sifuri 78.

LUSAJO: Hiyo hakuna diski itakayoibeba, leo wala kesho.

ATUPELE: Mwanafizikia Paul Dirac aliliona hilo mwaka 1929. Alisema sheria zinazohitajika kwa kemia yote tayari zinajulikana, ila milinganyo yake ni migumu mno kutatuliwa, hivyo zitafutwe njia za kukadiria zinazotumika. Na ninawasihi wanafunzi wangu wanaosikiliza: kukadiria si kubahatisha. Mtu anayekadiria vizuri anajua amekosea kuelekea upande gani.

LUSAJO: Tuanze na njia ya mvivu. Nikisahau kabisa kwamba zinasukumana?

ATUPELE: Sawa. Kila elektroni inaona kiini chenye chaji 2, na kina kinakua kwa mraba wa chaji. Mara nne ya 13.6, halafu elektroni mbili. Unapata 108.8.

LUSAJO: Nimepitiliza sana.

ATUPELE: Sana. Halafu unarudisha msukumano kama sahihisho, ukiukokotoa kwa elektroni zile zile ambazo hazikujua kuwa zinasukumana. Hiyo inaitwa petabesheni, ngazi ya kwanza. Sahihisho linatoka 34.0. Toa.

LUSAJO: 74.8. Sasa nimepungukiwa.

ATUPELE: Na hapo tunaingia kwenye njia ninayoipenda kuliko zote, ya variesheni. Lusajo, umewahi kusimama kule juu, barabara ya Chunya, alfajiri?

LUSAJO: Mara nyingi. Ukungu unajaa bonde lote, huoni hata mti.

ATUPELE: Basi una simu inayopima mwinuko. Unashuka gizani kwenye ukungu, unasimama popote, unasoma namba. Hujui sakafu ya bonde iko wapi, lakini jambo moja una uhakika nalo.

LUSAJO: Sakafu haiwezi kuwa juu ya mahali niliposimama.

ATUPELE: Ndiyo hiyo! Bonde ni mlinganyo, na mahali uliposimama ni makisio yako kuhusu umbo la elektroni. Kisia umbo lolote, kokotoa nishati yake kwa mlinganyo mzima, na huwezi kuzama chini kuliko ukweli. Ukipata makisio mawili, lenye kina zaidi ndilo bora. Huhitaji kujua jibu ili ujue umesogea karibu.

LUSAJO: Ngoja kwanza. Mbona 108.8 ilipita chini ya sakafu?

ATUPELE: Kwa sababu hukukokotoa kwa mlinganyo mzima. Ulitupa msukumano, ukawa unapima bonde lingine. Ahadi ni ya mlinganyo kamili tu. Sasa toa simu yako, tufanye hewani. Elektroni moja inaikinga nyingine kidogo, kwa hiyo kila moja haioni chaji 2 kamili. Tuiite Z, hatujui ni ngapi. Kanuni yake ni fupi: 27.2 mara Z, mara mabano, 3.375 kutoa Z. Weka 2.

LUSAJO: Inatoka... 74.8. Ndiyo ile ile ya mwanzo!

ATUPELE: Ndiyo hiyo hiyo. Shuka, weka 1.8.

LUSAJO: 77.1. Imeshuka vizuri. Nijaribu 1.5... 76.5. Nimeanza kupanda ng'ambo ya pili.

ATUPELE: Umevuka sakafu ya kijibonde chako. Rudi.

LUSAJO: 1.6 inanipa 77.2. Halafu 1.7... 77.5.

ATUPELE: Simama hapo. Chini kabisa ni 27 kwa 16, yaani 1.6875, na bado ni 77.5. Dakika mbili, simu ya mkononi, na uko ndani ya asilimia mbili ya kipimo cha maabara. Na namba yenyewe inasema kitu: kila elektroni inamficha mwenzake karibu theluthi moja ya chaji ya protoni moja. Mara ya kwanza kuifanya nilikuwa kidato cha sita, kwenye karatasi ya miraba, kwa kibatari maana umeme ulikuwa umekatika. Ile 77.5 nilipoipata niliipigia mstari mara tatu. Daftari ninalo hadi leo.

LUSAJO: Na zile 1.5 zilizobaki?

ATUPELE: Kwanza tuliache umbo liwe huru badala ya kulilazimisha liwe la hidrojeni. Douglas Hartree alianza hivyo Uingereza mwaka 1928, na Vladimir Fock akaikamilisha mwaka 1930. Kila elektroni inatembea ndani ya wastani wa wenzake. Ni kama bei ya viazi Uyole: kila mkulima anaangalia bei ya soko ndipo apange yake, na bei ya soko inatokana na hao hao wakulima. Unazungusha hesabu, bei inabadilika, wanapanga upya, mpaka inatulia.

LUSAJO: Ikitulia?

ATUPELE: Heliamu inatulia 77.9. Na haitashuka zaidi hata ukizungusha mwaka mzima, kwa sababu wastani una kasoro yake. Ukipita kichochoro cha Mwanjelwa na gunia kichwani, hukwepi wastani wa watu. Unamkwepa huyu mama anayekuja mbele yako sasa hivi. Elektroni nazo zinakwepana hivyo, na wastani haulioni hilo. Zile 1.1 zilizobaki ndizo tunaziita nishati ya korelesheni.

LUSAJO: 1.1 katika 79. Kwangu ni chenji.

ATUPELE: Hapana, kaka. Kinachoshikilia hidrojeni mbili kuwa molekuli ni kama 4.5 tu. Chenji yako ni robo ya kifungo kizima. Kemia yote inafanyika ndani ya chenji hiyo: nini kinaungua, dawa gani inanata wapi. Ukikosea hapo umekosea kila kitu.

LUSAJO: Nimenyamaza.

ATUPELE: Aliyelivunja kwa heliamu ni Mnorwe, Egil Hylleraas, mwaka 1929. Akaweka umbali kati ya elektroni mbili ndani ya makisio yenyewe, yaani kukwepana kukaandikwa tangu mwanzo. Kwa mashine ya kukokotolea ya mezani akafika 79.0. Ila mbinu hiyo inachosha upesi elektroni zikiongezeka. Kwa mifumo mikubwa watu wengi leo wanatumia msongamano wa elektroni, njia ya Walter Kohn na wenzake ya 1964 na 1965. Badala ya kufuatilia kila elektroni, unauliza tu ziko nene kiasi gani kila mahali. Zile sifuri 78 za chuma zinakuwa 3. Kohn alipata Nobeli ya kemia mwaka 1998 pamoja na John Pople.

LUSAJO: Na ahadi ya ukungu inabaki?

ATUPELE: Kwa fomula zinazotumika kivitendo, hapana. Sehemu moja ya fomula haijulikani, inakadiriwa, na ukikadiria mlinganyo wenyewe unaweza kuzama chini ya sakafu bila kujua. Mimi hilo linanisumbua, japo najua linafanya kazi kubwa.

LUSAJO: Wa Chunya ameuliza pia kama kompyuta ndogo ya nyumbani inatosha.

ATUPELE: Inatosha sana. Ipo programu ya bure, PySCF. Heliamu kwa njia ya Hartree na Fock inamaliza chini ya dakika moja. Ukitumia besisi kubwa, yaani maumbo mengi ya kujengea umbo la elektroni, itaandika kama -2.862 kwa kipimo kiitwacho hartree; ondoa alama ya kutoa, zidisha kwa 27.21, utaona 77.9. Ukichagua njia ya Hartree na Fock halafu ukapata zaidi ya 79.0, usifurahi. Kagua ulichoandika, kuna kipande cha mlinganyo umekiacha nje.