Mkono wa Kushoto wa Eddie Palmieri

Habari za huko nyumbani jamani. Baba, shikamoo, najua unaangalia. Hapa Bronx ni saa moja asubuhi, kwenu alasiri. Nimetoka zamu ya usiku, hata viatu sijavua. Nilisema nilale kwanza ndipo nirekodi, nikaona hapana, hili jambo nimekaa nalo tangu Agosti, leo nalitoa.

Chini ya jengo letu kuna kinyozi, mzee wa Puerto Rico. Redio yake haizimwi. Siku ile Agosti mwaka 2025 napita pale, mlango wazi, kiti cha kunyolea kitupu. Watu wazima wanne wamekaa kimya wanasikiliza kinanda. Nikasimama mlangoni. Mzee akaniangalia, akasema, "Eddie amefariki." Alivyosema, ungedhani anamtaja mdogo wake wa tumbo moja.

Eddie ni Eddie Palmieri. Alifariki tarehe 6 Agosti 2025, miaka 88. Mpiga kinanda, mtunzi, kiongozi wa bendi ya jazi ya Kilatini, yaani jazi iliyochanganyika na midundo ya Cuba na Puerto Rico. Alizaliwa hapa New York Desemba 1936, wazazi wake walitoka mji wa Ponce, Puerto Rico, akakulia South Bronx, huku huku ninakokaa mimi. Nikaona haya. Miaka yote hii napita kwenye mitaa yake na simjui.

Sasa najua mtaniambia nini. Video iliyopita nilipogusia jazi, mmoja wenu akaandika kwamba huo ni muziki wa hotelini, wa kusindikizia chakula. Ndugu yangu, wewe umezaliwa Morogoro! Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa inasindikiza chakula? Kwetu sisi neno jazi lilikuja na vumbi la ukumbini, watu wamevua viatu wanacheza. Basi jazi ya Kilatini ishike hivyo hivyo, anzia miguuni.

Subirini nichukue miiko. Hii hapa, miwili, ya mti. Sikilizeni.

Ko… ko… ko. Ko-ko.

Tena. Ko… ko… ko. Ko-ko. Matatu yaliyotawanyika, halafu mawili ya karibu. Wacuba wanaita klave. Wana vijiti viwili vya kazi hiyo tu. Huo ndio uti wa mgongo. Bendi nzima inajipanga juu yake, na hata mpiga vijiti akinyamaza kila mtu anaendelea kuusikia kichwani. Mpiga kinanda akiingia upande usio wake, yaani pa matatu yeye akapiga kama pa mawili, wachezaji wanajikwaa. Hawajui kwa nini, ila mguu unakataa. Na besi nalo halingoji mpigo wa kwanza, linautangulia kidogo, ndiyo maana unajisikia kama unasukumwa mgongoni.

Palmieri alianza kinanda akiwa mtoto. Kaka yake Charlie, aliyemzidi miaka tisa hivi, alikuwa tayari fundi wa kinanda. Lakini Eddie alipofika miaka 13 akakiacha, akaenda kupiga timbali kwenye bendi ya jamaa yao, zile ngoma mbili za bati zinazopigwa kwa fimbo. Baadaye akarudi kwenye kinanda, ila ngoma ilikuwa imeshamwingia. Mwenyewe alizoea kusema yeye ni mpiga ngoma aliyeikosa ngoma, basi uchungu wake anaumalizia kwenye kinanda.

Na unamsikia! Tafuteni rekodi yake ya mwaka 1965, Azúcar Pa' Ti. Ule wimbo mrefu wa Azúcar, zaidi ya dakika nane. Ukifika pa kinanda peke yake, acha kuufuata mkono wa kulia, najua ndio unaovutia, unakimbia huku na huku. Fuata wa kushoto. Mkono wa kushoto umeshika duru moja, unairudia, unairudia, haupungui wala hauharakishi, kama mtu anayetwanga. Wa kulia unasema maneno yake juu ya ule mtwangio. Mtu mmoja, kazi ya watu wawili. Mara ya kwanza niliurudisha nyuma mara tano nikitafuta kinanda cha pili. Hakipo.

Bendi yake ya kwanza kubwa aliianzisha mwaka 1961, La Perfecta. Wakati ule kumbi za New York zilikuwa za orkesta kubwa, akina Machito, Tito Puente, Tito Rodríguez, tarumbeta zimepangwa safu. Palmieri mwenyewe alikuwa ametoka kwa Tito Rodríguez. Akaja na bendi ndogo. Akaondoa tarumbeta, akaweka tromboni mbili na filimbi moja ya mti. Tromboni ya Barry Rogers ilikuwa inanguruma kama simba aliyekanyagwa mkia, na juu yake filimbi inalia kama ndege. Ngoma ndogo za bongo na timbali kwa Manny Oquendo, sauti ya Ismael Quintana. Watu wachache, lakini ukifumba macho unahesabu ishirini.

Ilidumu mpaka 1968, ikavunjika. Yeye hakusimama. Tuzo ya Grammy ya kwanza kabisa iliyotolewa kwa muziki wa Kilatini, mwaka 1976, alipewa yeye. Na waandaaji walipofuta kipengele cha jazi ya Kilatini mwaka 2011, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kupinga. Mwaka uliofuata kikarudishwa. Nampenda kwa hilo pia. Alikuwa na heshima zake zote tayari, angeweza kukaa kimya.

Baba, hapa ndipo penye lako. Unakumbuka ukinieleza kwamba kwenye bendi yenu wewe ulikuwa mpiga tumba? Nilidhani tumba ni neno letu la mtaani. Kumbe Wacuba ile ngoma wanaiita tumbadora, na wengine wanaiita konga, na asili yake ni watu wa Kongo waliobebwa utumwani mpaka Cuba. Ngoma ikavuka bahari na watu wetu, ikakaa kule miaka mingi. Kisha miaka ya 1930 santuri za Kicuba zikaanza kuuzwa Afrika, ndiyo ikarudi, na Salum Abdallah akaiita bendi yake ya pale pale Morogoro Cuban Marimba. Wewe ukaipiga. Mimi nimekuja kuikuta tena kwenye redio ya kinyozi.

Jana nilimchezea yule mzee wimbo wa Cuban Marimba kwenye simu. Kiswahili hajui hata salamu. Akauweka wembe chini, akasikiliza kidogo, kisha akaanza kugonga meza kwa kidole.

Ko… ko… ko. Ko-ko.

Chai yangu imemwagika jikoni, naisikia. Baba, nakupigia sasa hivi. Ukipokea usinisalimie kwanza, nitaweka mkono wa kushoto peke yake, wewe ingiza tumba.