Usifagie Chini ya Mparachichi

Ndugu zangu wapenda bustani, habari za asubuhi.

Hapa Mbeya, na Tukuyu pia, karibu kila ua una kona iliyokatiwa tamaa: chini ya mparachichi, au nyuma ya jiko kusikofika jua. Ukoka hauoti pale, waridi hurefuka bila kuchanua. Basi mwenye nyumba anabaki kufagia udongo mtupu kila asubuhi. Mimi nasema kona hiyo ni hazina, na kinachoiua ni ufagio.

Fikirini msitu wa Mlima Rungwe. Nani anafagia kule? Majani huanguka, huoza, yakawa mboji nyeusi inayoshika unyevu bila kutuamisha maji. Humo ndimo zinamoishi impatiensi na begonia za porini, maua yanayopenda kivuli kama cha kona yako, na mizizi yake ni ya juujuu. Ukifagia, umeziondolea chakula na maji kwa mpigo mmoja.

Najua mnaogopa nyoka, na hofu hiyo ni ya haki. Acheni ukanda safi kando ya ukuta, kisha mtandaze majani kuanzia hapo, unene wa kiganja. Ya mkaratusi msitumie, yanadumaza miche.

Nikiambiwa nichague mmea mmoja, nitachagua skadoksasi, lile ua jekundu la duara linalochomoza mvua zikianza. Kiangazi majani yake hunyauka yote, na hapo ndipo wengi huing'oa wakidhani imekufa. Imelala tu! Msiimwagilie wakati huo, kitunguu chake kitaoza. Kina sumu pia, kwa hiyo ipandeni mbali na watoto na mbuzi.

Sasa naomba jambo moja kwa moyo wote: msiende kuchimba msituni. Tumeona viazi vya okidi, yale maua ya porini ya uwanda wa Kitulo, vilivyochimbwa na kuvushwa hadi Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Eneo lile likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mimea hii haihitaji jembe la wizi. Impatiensi, omba kijiti kwa jirani, kitoe mizizi kwenye kikombe cha maji. Streptokapasi, ua jingine la kivulini, kipande cha jani tu kinatosha: kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, usubiri wiki kadhaa. Vichipukizi vitatokea pale jani lilipokatwa, na kila kimoja ni mche.